Breki za Chaser kwenye Mark II: kabla hujalipia, soma hapa

Wenye Toyota Mark II GX90 na GX100 hapa Dodoma wanatuuliza sana: nimepata kalipa (chuma kinachobana pedi kwenye diski) na diski za mbele za Chaser Tourer V, ile Chaser ya turbo, mtanifungia? Tunafunga. Ila mara nyingi tukishavua tairi tunakuta gari halina shida ya udogo wa breki.

Tuanze na undugu. Mark II, Chaser na Cresta za kizazi cha 90 na cha 100 ni ndugu wa damu. Tofauti kubwa ni bodi na injini. Soma namba ya chasi kwenye kadi: GX100 ina injini ya 1G, cc 2000, JZX100 ina 1JZ, cc 2500. X ndiyo ukoo, 100 ndicho kizazi. GX110 usiichanganye humo, chini yake kuna mambo mengine, hata muuzaji akikuapia.

Kalipa ya Tourer V ina pistoni nne na diski yake ni kubwa. Hapo ndipo rimu inapoleta kesi. Gari lile lilitoka kiwandani na rimu za inchi 16, wewe una 14 au 15 za chuma. Kalipa inaweza kugusa rimu kabla hujatoka getini. Njoo na rimu moja tuipachike ikiwa tupu, bila tairi, tuone nafasi kwa macho. Tunapima pia umbali wa matundu ya bolti, na tunafunga seti nzima pande zote mbili: kalipa, diski, pedi na mipira ya breki. Diski ya mtumba ina maandishi MIN TH yanayotaja unene wa mwisho. Ikishafika hapo ni chuma chakavu, hata iwe inang'aa vipi.

Sasa ukweli ambao muuza spea hakwambii. Kama breki zako za sasa zinaweza kubana hadi tairi ziburuze, kalipa kubwa haitakusimamisha mapema zaidi kwenye breki moja ya ghafla. Hapo kazi ni ya tairi. Faida yake iko kwenye joto. Anayeshuka mteremko wa Nyang'oro akitokea Iringa kuja Mtera, familia nzima ndani na mizigo kwenye buti, ataiona. Wa hapa hapa Dodoma, Area C kwenda Mtumba na kurudi, hapana.

Mteja mmoja alilalamika pedali inazama na gari linavuta kushoto. Tulipofungua, pedi ya ndani upande mmoja ilikuwa imebaki bati, ya nje bado nene. Pini za kalipa ziligoma kuteleza, vumbi limegandamana na grisi kuukuu. Tulisafisha pini, tukaweka grisi ya breki, pedi mpya na mafuta mapya ya breki. Mafuta hayo hunywa unyevu: ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi joto 205 na kuendelea, yaliyolowa yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka mteremkoni, unakanyaga hewa.

Kwa shokapu, za GX90 na GX100 kwa kawaida zinabadilishana, ila usichanganye ya gari hili kushoto na ya lile kulia. Bol joint (kiungo cha duara cha mguu wa tairi) ya mtumba hatufungi, nunua mpya. Na bolti za bushi (mipira) za mikono ya chini inayoshika tairi zinakazwa gari likiwa limekaa kwa uzito wake juu ya tairi. Fundi akizikaza gari likiwa juu ya jeki, mpira unabaki umejisokota gari likishashuka, na bushi inachanika mapema. Wenye gari wengi husema spea ilikuwa feki. Baada ya hapo ni alaimenti (kunyoosha uelekeo wa tairi), hata kama stelingi inaonekana imenyooka.

Kama bado unazitaka za Tourer V, kubaliana na muuzaji kurudishiana zisipoingia, kisha zilete pamoja na kadi ya gari kabla hujamaliza kulipa. Kupima nafasi ya rimu hatutozi.