Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Haki katika Kupanga Droo

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha zimekaguliwa na nakala mnazo. Taarifa hii naielekeza kwenye jambo linalotuletea malalamiko kuliko yote: nani akutane na nani, na nani aingie mtoano.

Mashindano yetu ya mdahalo ya shule yana timu 32 na raundi 5 za awali. Raundi ya kwanza hupangwa kwa kura. Kuanzia ya pili, timu zenye ushindi sawa ndizo hukutana. Kwa mpango huo matokeo ya jumla yanajulikana hata kabla mtu hajafungua kinywa: timu 1 itamaliza na ushindi 5, timu 5 na ushindi 4, timu 10 na ushindi 3. Sisi huchukua 8 kwenda robo fainali. Sita zinapita kwa ushindi wao, kisha timu 10 zinagombea nafasi 2, na kinachoamua ni alama za wazungumzaji. Hapo ndipo haki inapopotea, maana hotuba ambayo jaji mmoja anaipa 68, mwenzake wa chumba cha pili angeipa 72. Timu ya Arua na ya Masaka zinatenganishwa na mkono wa jaji. Hilo silitetei.

Kamati inapendekeza tuchukue 16. Kila timu yenye ushindi 3 itaingia. Alama zitasaidia kupanga nafasi tu, wa 1 na wa 16, wa 8 na wa 9, ili wawili wa juu wasikutane kabla ya fainali. Tena zitanguliwe na nguvu ya wapinzani, yaani jumla ya ushindi wa timu zote ulizokutana nazo.

Mpango huu huvurugika timu moja isipofika. Basi la Gulu likichelewa, msigawe ushindi wa bure. Wekeni timu ya kujazia isiyoruhusiwa kuingia mtoano. Ikishinda mara 3, nafasi yake ichukuliwe na timu bora yenye ushindi 2. Kundi la timu zenye ushindi sawa likibaki na idadi witiri, timu moja ipandishwe kutoka kundi la chini, na isipandishwe mara mbili.

Timu za shule moja zikipangwa pamoja, badilisheni moja na timu ya mdahalo wa jirani ndani ya kundi lilelile. Lakini kabla ya raundi ya 5, zenye ushindi 4 huwa 2 tu. Zikiwa za shule moja, zikutane. Kuzitenganisha ni kuziepusha na mtihani ambao wengine wote wameufanya.

Programu ya kompyuta ya Tabbycat hupanga haya yote, mradi kanuni ziwekwe kabla ya raundi ya kwanza na zisiguswe tena.

Gharama ya pendekezo ni raundi moja zaidi: hotuba 6 za dakika 8 na majibu 2 ya dakika 4, jumla dakika 56 bila muda wa majaji kushauriana. Likipita kwa kura ya mkutano mkuu, siku ya pili itaanza saa moja na nusu asubuhi.