Mjomba, Celica yako si ile ya Safari, lakini usiiuze kwa spea

Shikamoo Mjomba,

Habari zimenifika huku Nakuru kwamba mtu wa spea amekuja hapo Kisauni, Mombasa, ameizunguka Toyota Celica yako, akataja bei ya kuikata vipande. Mama anasema umekaribia kukubali. Ningekupigia, lakini kwenye simu huwa unanizidi maneno. Na wanao nao wana haki ya kusikia haya, maana wamelelewa na ile hadithi yako kwamba gari lenu ni ile ile iliyoshinda mbio za magari za Safari Rally. Basi nayaandika hadharani. Utanitukana baadaye, mimi ni mpwa wako, nimezoea.

Tuanze na hadithi yenyewe. Celica ya kizazi cha tano ilitoka Japani mwaka 1989, ikauzwa hadi 1993. Mwili wa mviringo usio na kona, taa za mbele zinazolala ndani ya boneti na kuamka ukiziwasha. Kwa nje karibu zafanana; zinaachana hasa chini ya bodi. Iliyokuja kutushindia huku ni GT-Four, chasisi ST185: injini ya 3S-GTE, lita mbili zenye turbo, nguvu za farasi 225 kwa toleo la Japani, na msukumo unaokwenda magurudumu yote manne. Yako ni ST182. Siku ile uliponituma niangalie oili inakovuja, niliangalia na mengine. Hakuna propela inayokwenda nyuma, hakuna difu. Magurudumu ya nyuma yanafuata tu kama maharusi. Bamba kwenye chumba cha injini nalo limeandikwa ST182 waziwazi. Na Mjomba, ile rangi nyeupe, kijani na nyekundu uliyoipaka mlangoni pamoja na jina la Castrol, kampuni ya oili iliyoidhamini timu ya Toyota, haibadilishi kitu.

Sikulaumu kwa kuipenda ile gari. Mwaka 1992 Carlos Sainz alishinda Safari na ST185, akamaliza mwaka akiwa bingwa wa dunia. 1993 akaja Juha Kankkunen, na nafasi nne za kwanza zote zikawa Celica, Ian Duncan wetu akiwa wa tatu. 1994 Duncan akashinda mwenyewe, Mkenya nyumbani kwake. 1995 ikawa zamu ya Yoshio Fujimoto. Miaka minne mfululizo, gari aina moja. Na Safari ya siku hizo haikuwa hii ya leo ya Naivasha ambapo barabara hufungwa, magari yakakimbia vipande vifupi na kurudi kambini. Barabara zilikuwa wazi, na matatu na ng'ombe wamo. Ndiyo maana gari lilifungwa vyuma vya mbele vya kukinga wanyama, likawekewa bomba la kuvuta hewa lililopanda kando ya kioo ili livuke mito, na helikopta ikatangulia juu kumwambia dereva kilichoko mbele ya kona.

Aliyeiongoza timu ya Toyota ya mashindano ni Ove Andersson, Msweden, na karakana yao ilikuwa Köln, Ujerumani. Wazee wa rika lako mnamkumbuka: ndiye aliyeshinda Safari ya 1975 na Peugeot 504. Alikuwa ameijua tope yetu kwa mikono yake kabla ya kuwa bosi, na nadhani hilo lilichangia kuliko turbo. Sheria za mashindano nazo zilimlazimisha mtengenezaji kuuza maelfu ya magari ya aina hiyo kwa watu wa kawaida kabla ya kuruhusiwa kukimbia. Ndiyo sababu kuna toleo la RC, ambalo nchi nyingine lilibeba jina la Sainz, lililotengenezwa 5,000 tu. Ukikutana na hilo, intakula yake, yaani kipoza hewa ya turbo, hupoozwa kwa maji, si kwa upepo. Hilo ndilo gari la kulilia.

Usidhani nawasifu bure. Mwaka huohuo wa 1995, kwenye Celica iliyofuata, timu ilikamatwa kwenye mbio za Catalunya, Hispania, ikiwa imechezea kile kipete kinachobana hewa inayoingia kwenye turbo. Walikitengeneza kwa ustadi wa kutisha: kikifungwa mahali pake kilijiachia, hewa ikapita pembeni, ukikifungua ukikague, kinarudi kama kilivyo. Wakapokonywa pointi na kufungiwa miezi 12. Wezi, lakini wezi mafundi. Mtu wa Toyota akikusimulia ushindi tu bila hili, muulize.

Sasa nije kwa kampuni yenyewe, kwa sababu wewe husema Toyota ni mbili: moja ya mashindano, nyingine ya kubeba mboga. Ni moja, Mjomba, na ilianza na nguo. Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala, alitumia maisha yake kutengeneza mitambo ya kufuma. Ule wa 1924, Type G, ulikuwa na akili ya ajabu: uzi ukikatika, mtambo unasimama wenyewe, hauendelei kufuma kitambaa kibovu. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ilikubali kulipa pauni 100,000 kwa haki ya kuutumia. Mwanawe Kiichiro ndiye aliyeng'ang'ania magari. Gari lao la kwanza la abiria kuuzwa, AA, lilitoka 1936, na kampuni ya magari ikaandikishwa 1937.

Ikabaki kidogo ife. Baada ya vita fedha ziliisha, wafanyakazi wakagoma, na 1950 Kiichiro akajiuzulu. Muda si muda vita vya Korea vikalipuka, jeshi la Marekani likahitaji malori, na Toyota ikapata oda zilizoiokoa. Kiichiro alifariki 1952, hakuona mengi ya yaliyofuata. Walipopeleka gari lao la Crown Marekani 1957 iliaibika: barabara za kasi ziliishinda pumzi. Celica ya kwanza ilitoka 1970, nayo ilikuwa gari la kijana mwenye mshahara, si la tajiri. Tajiri alikuwa ametengenezewa gari la kasi, 2000GT, miaka mitatu kabla.

Hapo ndipo ninapokutaka. ST182 yako ina 3S-FE, injini ya familia ileile ya 3S waliyokwenda nayo Sainz na Duncan, isipokuwa haina turbo na kichwa chake ni cha kazi za kila siku. Ni ileile iliyofungwa kwenye Camry, Carina na RAV4 ya kwanza. Ndiyo maana fundi yeyote wa jua kali anaifungua macho yamefumbwa, na ndiyo maana mtu wa spea anaitaka: atauza injini na gia kwa mwenye RAV4, milango ataitupa. Mwenye GT-Four halisi hana raha hiyo. Turbo yake ikifa, ataisaka mpaka ng'ambo.

Na ukishaikata, hutapata nyingine. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo Celica za miaka hiyo zilizomo nchini ndizo hizo, na kila moja inayoingia kwenye msumeno hairudi. Adui wako wa kweli si umri, ni chumvi ya bahari. Tazama chini ya mazulia ya nyuma na kwenye kingo za bodi juu ya matairi; kukianza kuoza huko, ndiko kwa kuweka pesa kwanza, kabla hujagusa mota ya ile taa ya kushoto iliyogoma kuamka.

Kama kweli shida ni ada ya shule ya mtoto, sema tu, tutaongea kifamilia. Kama umeichoka, niuzie mimi, nitalipa kwa mafungu matatu na Castrol naifuta siku hiyohiyo. Lakini kwa bei ya ST182, Mjomba. Ya Sainz sina.

Mpwa wako wa Nakuru