YAH: MALALAMIKO KUHUSU MASHINE YA BRASHI ISIYO NA KINGA NA TAARIFA YA AJALI ISIYO SAHIHI

Meneja Mkuu,
Shamba na Kiwanda cha Mkonge,
Mkoa wa Tanga.

Ndugu Meneja,

Somo hapo juu lahusika.

Sisi wafanyakazi wa idara za brashi na korona (mtambo unaochakata majani ya mkonge kutoa nyuzi), kupitia mwakilishi wetu, tunaikataa taarifa ya ajali iliyobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya shamba wiki iliyopita, inayodai kwamba mwenzetu aliyekatika vidole viwili vya mkono wa kulia aliumia "kwa uzembe wake mwenyewe". Tuliokuwa zamu hiyo hatukuulizwa lolote kabla haijaandikwa.

Kazi ya brashi ni kushika fungu la singa (nyuzi za mkonge) kavu upande mmoja na kuingiza upande wa pili kwenye ngoma inayozunguka, ili vumbi na mabaki ya jani yapukutike, kisha kuligeuza. Singa hizo zina urefu wa karibu mita moja, na zikitokea chache zikajiviringisha kwenye kidole, mkono hauna budi kufuata. Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Aliyekuwa mashine ya jirani alikimbilia swichi, lakini swichi pekee iko chumba cha mota, nyuma ya ukuta, na mlango wake ulikuwa umefungwa. Aliyemwokoa ni kibarua aliyeuchopoa mkanda kwenye puli kwa kuusukuma na mti. Breki yetu ni hiyo.

Hatulalamikii uzee wa mashine. Mtambo uliofungwa kabla ya Uhuru unaweza kufanya kazi salama ukitunzwa, na mafundi wetu wanalijua hilo kuliko mtu yeyote ofisini. Lakini ukisogea karibu na mdomo wa ngoma utaona matundu manne ya boliti yaliyoziba kwa grisi na vumbi: hapo ndipo lilipofungwa bati la kinga. Mtengenezaji aliliweka, nayo kampuni ikaliondoa ili mafungu makubwa zaidi yapite. Taarifa yenu haikulitaja bati hilo, wala haikutaja kwamba tunalipwa kwa kilo, kiasi kwamba anayepunguza mwendo ili anusuru vidole vyake hujikata mshahara.

Kwenye korona nako mkanda unaotoka shafti kuu umeungwa kwa pini za chuma zilizochomoza, nao unapita wazi, usawa wa kiuno, kando ya njia ya wabeba singa mbichi, ambapo sakafu huwa imelowa maji mchana kutwa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri azibe kwa kinga sehemu za mashine zinazoweza kumdhuru mfanyakazi. Wajibu huo haumwangukii mlishaji wa brashi, hata awe mwangalifu namna gani.

Kwa hiyo tunaomba mashine hiyo ya brashi isimamishwe mpaka bati lirudishwe na swichi ya kuzimia iwekwe mahali mlishaji anapoifikia kwa mkono wake wa pili. Mkanda wa korona ujengewe uzio. Na walishaji walipwe wastani wa mapato yao kwa siku zote za matengenezo, la sivyo njaa itawarudisha kwenye ngoma ileile. Tunataka pia taarifa ya ajali iandikwe upya baada ya mashahidi kusikilizwa, na madai ya mwenzetu yapelekwe bila kuchelewa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa Sheria Na. 20 ya mwaka 2008. Mpaka leo bado yuko nyumbani, na gharama za kufunga kidonda anajilipia mwenyewe.

Tunatarajia majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Zikipita bila majibu, tutaomba mkaguzi aje kuyaona matundu hayo ya boliti kwa macho yake.

Wako katika kazi,

Mwakilishi wa Afya na Usalama,
Idara za Brashi na Korona.

Nakala: Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA);
Katibu wa Tawi, Chama cha Wafanyakazi.