Shukrani kwa mzee wa pale Nyaraka za Taifa, Nairobi

Mzee wangu, sikukuuliza jina, na ahsante ya mlangoni haikutosha. Nilikuja na kipande cha baba yake babu tu, kile kitambulisho cha kazi cha enzi za ukoloni, karatasi iliyokunjwa ndani ya kikebe cha bati alichovaa shingoni, wino umefifia. Ukaipeleka dirishani, ukaiinamisha taratibu, ukasoma: Magadi, 1926. Nyumbani tulijua alikuwa mtu wa reli. Kumbe alichimba magadi ziwani, yale yanayochomwa tanuruni yawe unga wa kutengenezea vioo! Ukanielekeza nitafute kwa majina mawili ya kampuni, maana Brunner Mond, kampuni ya kemikali ya Uingereza, waliichukua ile ya kwanza ya magadi mwaka 1924. Peke yangu nisingelijua hilo kamwe. Mungu akuzidishie afya. Bibi alikishika kile kikebe, akalitamka jina la baba mkwe wake mara mbili.