Japani ya Hockney haiko kwenye Mlima Fuji

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme neno juu ya makala yenu ya Jumapili kuhusu David Hockney, mchoraji Mwingereza, na mapenzi yake kwa sanaa ya Japani. Nimefundisha uchoraji miaka mingi, na makala za namna hiyo hatuzipati kila wiki, kwa hiyo kwanza asanteni. Ila picha mliyoiweka katikati ya ukurasa imenikera.

Mmeweka "Mlima Fuji na Maua" ya mwaka 1972: mlima wa samawati, mbele yake maua ndani ya chombo, na chini yake maneno kwamba hapo ndipo Japani ilipomwingia. Ni kweli alikuwa ametoka huko karibuni, akiwa amekaa kama wiki mbili. Lakini mlima ule aliutoa kwenye kadi ya posta, na maua akayatoa kwenye kitabu cha kufundishia upangaji wa maua. Mtu kasafiri hadi Japani, karudi kwao, kachora kadi ya posta! Simcheki, maana nadhani alijua anachofanya na rangi zimetulia kweli kweli. Lakini hiyo ni Japani ya dukani.

Anayetaka kuiona Japani ndani ya Hockney atazame picha isiyo na Mjapani wala mlima. Mwaka 1973, akiwa Los Angeles, alichapa mfululizo wa picha za hali ya hewa: jua, mvua, ukungu, theluji, radi na upepo. Nianze na mvua. Wino umeachwa utiririke kwenda chini, kana kwamba karatasi yenyewe imelowa. Kisha upepo. Utachoraje upepo, kitu kisichoonekana? Hokusai, bingwa wa Kijapani wa picha za kuchapa, alilitatua swali hilo karibu na mwaka 1831, kwenye chapa yake ya mahali paitwapo Ejiri: wasafiri wamejikunyata njiani, kofia imeng'oka kichwani, karatasi za mtu zinapaa moja moja hadi angani, na Fuji nyuma yao amechorwa kwa mstari mwembamba tu. Hockney akachukua zile karatasi. Kwake zinazopeperuka ni picha zake mwenyewe za mfululizo uleule, zinapita mbele ya kibao cha Melrose Avenue, barabara yenye karakana alikozichapia. Nikiwaonyesha wanafunzi picha hizo mbili pamoja, darasa zima hucheka, na baada ya hapo sina la kueleza.

Wanafunzi haohao, nikiwahimiza wajifunze kwa mabingwa, hunijibu kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Sawa. Lakini huyu hakuazima nguo, alikwenda kutazama mshono.

Jambo la pili, ambalo makala yenu haikuligusa kabisa, ni safari ya Kyoto, Februari 1983. Katika hekalu la Ryoanji kuna bustani ya changarawe yenye mawe 15, yaliyopangwa hivi kwamba popote utakapoketi barazani, jiwe moja halionekani. Bustani yenyewe ni mstatili, lakini ukiipiga picha ukiwa mahali pamoja, mistari yake husogeleana kadiri inavyokwenda mbali, na mstatili unapotea. Hockney akatembea ukingoni, hatua kwa hatua, akipiga picha kila aliposimama, kisha akazigandisha pamoja. Mstatili ukarudi. Hapo ndipo mtu anaelewa kwa nini wachoraji wa zamani wa Japani hawakujali sana kanuni ya Wazungu ya kuikusanya mistari yote kwenye nukta moja. Mtazamaji ana miguu, hasimami kama nguzo. Somo hilo nimewahi kulifundisha kwa chaki na rula kipindi kizima, na nusu ya darasa wakalala.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mkiirudia mada hii, wekeni Ejiri ya Hokusai na Upepo ya Hockney bega kwa bega, tena kwa ukubwa wa kuonekana. Zile za Jumapili zilikuwa kama stempu. Nimezitazama kwa miwani, nikaongeza na kioo cha kukuzia, na bado maua niliyatambua kwa sababu nilikuwa nayajua.

Mwalimu mstaafu wa sanaa,
Tanga