Barua kwa mwanangu anayekwenda kupanda barafu

Mwanangu mpendwa,

Salamu na dua. Umesema mwezi ujao wewe na wenzako wawili mnakwenda kupanda maporomoko ya maji yaliyoganda, na mafunzo ya kamba mmeshayamaliza. Ya kamba nawaachia walimu wenu. Mimi nakuandikia habari ya maporomoko ya theluji, ile iliyo juu na kando ya hiyo barafu, kwa sababu mtu anaweza kuwa fundi wa shoka na kramponi, ile miiba ya chuma ya kufunga viatuni, na bado asijue kuusoma mteremko anaoukata kwenda kuanza kupanda. Theluji hutaichagua. Mteremko na saa utavichagua wewe.

Anza na pembe. Mabamba ya theluji, yaani tabaka zilizoshikana zinazoteleza kwa pamoja, hukatika zaidi kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na mengi zaidi karibu na 38. Chini ya 30 ni nadra theluji kavu kuanza kuteleza. Mwinuko ukizidi sana, theluji humwagika kidogokidogo wakati bado inaanguka, haipati nafasi ya kulundikana. Usipime kwa macho. Tumia kipimapembe, hata kile kidogo kilichomo ndani ya dira, ukiweke juu ya fimbo ya kutembelea iliyolazwa kwenye theluji. Na kabla ya kutoka nyumbani pima kwenye ramani: kwenye ramani ya 1:25,000 yenye mistari ya kimo kila mita 20, mistari miwili ikitengana kwa chini ya milimita 1.4, hapo pameshapita nyuzi 30.

Lakini pembe ya pale unaposimama haitoshi. Maji yaliyoganda yamo ndani ya korongo, na korongo ni njia ya kila kinachoshuka kutoka juu. Mara nyingi juu ya barafu kuna bonde pana la theluji ambalo ukiwa chini hulioni kabisa, kisha bonde lote hilo humwagikia kwenye upenyo wa mita chache, pale pale anaposimama anayeshika kamba ya mwenzake. Kwa hiyo fuata korongo kwenye ramani mpaka lilikoanzia. Tazama linaelekea upande gani, jua linalifikia saa ngapi, na upepo wa juzi ulivuma kutoka wapi.

Upepo ndio mpakiaji mkuu. Hukwangua theluji upande unakotoka na kuilaza upande wa demani, ule uliokingwa, na unaweza kulundika haraka mara kadhaa kuliko theluji inayoanguka kutoka mawinguni. Ndiyo maana anga inaweza kuwa safi huku hatari inapanda. Theluji iliyolazwa na upepo utaijua kwa mguu: imeshikana, inatoa mlio kama wa ngoma tupu, na hukatika vipande vyenye kingo. Ukingoni juu ya mgongo wa mlima upepo huohuo hujenga paa la theluji linaloning'inia hewani. Likivunjika, huvunjikia nyuma zaidi kuliko watu wanavyodhani, hata juu ya mwamba, basi pita mbali nalo, na usikae chini yake jua likiliwakia.

Bamba peke yake haliui. Linahitaji tabaka dhaifu chini yake. Usiku wa baridi usio na mawingu huotesha juu ya theluji fuwele pana kama manyoya. Zikifunikwa na theluji mpya zinabaki zimesimama humo ndani, tayari kuanguka. Tabaka jingine huzaliwa chini, karibu na ardhi, pale theluji ilipo nyembamba na baridi ni kali: tofauti ya joto ikizidi takriban nyuzi 1 kwa kila sentimita 10 za kina, chembe hugeuka kuwa punje kavu zisizoshikana, kama sukari. Kwa hiyo msimu wa theluji haba si lazima uwe msimu salama, na wengi hukosea hapo. Tabaka la namna hiyo linaweza kudumu wiki nyingi.

Mtu akikanyaga, uzito wake hulivunja tabaka dhaifu mahali pamoja, ufa hukimbia chini ya bamba, na bamba zima huachia juu yake, mara nyingi yeye akiwa katikati. Mahali rahisi pa kuanzisha hilo ni pale bamba lilipo jembamba, kwa mfano karibu na miamba iliyochomoza. Nyayo za waliotangulia si ushahidi wa usalama. Huenda walikosa sehemu nyembamba kwa hatua mbili tu. Na katika ajali nyingi zinazopata watu, bamba huachiliwa na aliyenaswa mwenyewe au mwenzake.

Taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji ya eneo mtakalokwenda isome jioni na tena asubuhi. Ina ngazi 5. Usiishie kwenye namba, maana ngazi ya 3 watu huichukulia kama ya wastani, kumbe ndiyo inayoua wengi. Soma maelezo: tatizo ni theluji mpya, upepo, tabaka la zamani au theluji yenye maji; ni kwenye miteremko inayoelekea wapi, na kuanzia kimo gani. Kisha linganisha na barafu yenu. Hatari hiyo ikiigusa, badilisha mahali.

Siku mbili za kwanza baada ya dhoruba ndizo za kuhofia, na bahati mbaya ndizo zenye anga nzuri ya kupigia picha. Ikianguka theluji ya sentimita 30 au zaidi ndani ya saa 24 pamoja na upepo, subirini. Joto likipanda ghafla au mvua ikinyeshea theluji, ondokeni korongoni. Mkiwa njiani, dalili tatu hazihitaji kujadiliwa: poromoko jipya la theluji kwenye mteremko unaofanana na wenu, nyufa zinazokimbia kutoka miguuni, na ule mguno mzito wa theluji kuzama chini yako. Moja tu inatosha kugeuka. Kuchimba shimo na kupima nguzo ya theluji ya sentimita 30 kwa 30 ni elimu nzuri, lakini elewa mipaka yake: jibu baya linakukataza, jibu zuri halikupi ruhusa.

Kwenye mteremko wa mashaka piteni mmoja mmoja, wengine wakisubiri mahali palipo nje ya njia ya theluji. Toa mikono kwenye vitanzi vya fimbo.

Sasa vifaa. Wapanda barafu wengi huacha transiva, ule mtambo mdogo wa kutafutana, wakisema mzigo ni mzito. Sikubaliani nao kama njia inapita chini ya miteremko ya theluji. Kila mtu awe na transiva ya masafa ya redio ya kHz 457 iliyovaliwa chini ya jaketi, ufito wa kuchoma theluji kumtafuta aliyefukiwa, wa sentimita 240 au zaidi, na beleshi la metali. Kimoja kikikosekana viwili vilivyobaki havina maana kubwa. Weka betri mpya za alkali, si za kuchaji, maana hizo huonekana zimejaa kisha hukata ghafla. Simu ikae sentimita 20 mbali na transiva inayotuma, na 50 ikiwa inatafuta.

Mwenzenu akifunikwa, angalieni kwanza kama juu kuna theluji nyingine ya kushuka. Kumbuka mahali alipoonekana mwisho, anzeni kutafuta kuanzia hapo kushuka, na wote wageuze transiva zao zitafute, la sivyo mtatafutana wenyewe. Isipopatikana ishara, piteni kwa mistari isiyozidi mita 40 kati ya mtu na mtu. Mkibakiza mita 10 kumfikia, punguza mwendo. Mita 3 za mwisho shusha transiva hadi iguse theluji, usiizungushe, tafuta namba ndogo kabisa. Hapo choma ufito wima kwa mteremko, duara kwa duara, kila baada ya sentimita 25. Ukigusa mwili, uache ufito mahali pake. Usichimbe moja kwa moja kutoka juu. Rudi chini ya mteremko kwa umbali wa mara moja na nusu ya kina alichofukiwa, uingie kwa ubavu. Fungua kinywa na pua kwanza. Ndani ya dakika 10 za mwanzo wengi bado wako hai. Baada ya nusu saa wengi wamekosa hewa. Hayo yote yafanyieni mazoezi mpaka mikono iyajue, mkiwa mmevaa glavu.

Kuhusu barafu yenyewe nitasema machache. Baridi ikishuka ghafla huwa ngumu na hupasuka kama kioo. Ikipigwa jua huachana na mwamba, na ukisikia maji yanakimbia nyuma yake, shuka. Skrubu ndefu za kuchomeka kwenye barafu ndizo za kituo, pale mnapojifunga kushikiana kamba. Tena upepo wa kilomita 40 kwa saa hufanya baridi ya nyuzi hasi 10 ihisiwe kama hasi 21, basi beba glavu za akiba. Kidole kikipoteza rangi na hisia, kipashe moto kwa mwili, usikisugue.

Kabla hamjaondoka nitumie ujumbe: jina la njia, mtakapoacha gari, saa ya kuanza, saa ya kugeuka hata kama hamjafika juu, na saa ambayo nisipowasikia niwapigie waokoaji. Hiyo ya mwisho izidi kwa masaa mawili muda mnaodhani mtakuwa mmerudi kwenye gari, maana kushuka kwa kamba gizani huchelewesha. Namba ya waokoaji wa eneo hilo niandikie hapohapo.

Mama yako