YAH: MASHINE YA BOTI ISIYOWAKA, NA MANENO NILIYOAMBIWA KAUNTANI KWENU

Kilwa Kivinje

Meneja wa Tawi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa heshima, na naomba heshima hiyo muione, maana leo naitafuta kwa tochi. Mashine yenu ya HP 40 imelala ukumbini kwangu juu ya magunia. Haiwaki. Waranti yake haijaisha, na masharti ya waranti hiyo mnayajua kuliko mimi kwa kuwa mmeyaandika wenyewe.

Fundi wenu ameandika kwenye karatasi ya ukaguzi: "Maji kwenye mafuta, uzembe wa mteja." Hakufungua hata plagi moja. Alivuta kamba, akanusa vidole, akaandika. Nilipoanza kumweleza tulichokwisha kupima, akanitazama juu mpaka chini akasema, "Mama, kamlete mwenye mashine tuzungumze." Nikamjibu, "Mwenye mashine ni mimi, mwanangu." Akacheka, na waliokuwa kwenye foleni wakacheka naye.

Kwa kuwa hakutaka kunisikiliza, nakueleza wewe. Gia ilikuwa nyutro. Kamba ya usalama ilikuwa imechomekwa mahali pake. Tundu la hewa la kifuniko cha tenki lilikuwa wazi, balbu ya mafuta tuliiminya mpaka ikawa ngumu, choki tukaivuta. Kimya. Tukatoa plagi, zote mbili zimelowa petroli, maana yake mafuta yanafika. Tukazigusisha kwenye chuma cha mashine na kuvuta kamba: hakuna cheche, si ya juu wala ya chini. Tukatia plagi mpya, hali ile ile. Tukachomoa waya wa swichi ya kuzimia, kwa sababu swichi ikiwa ndiyo mbovu cheche hurudi. Haikurudi. Hapo kinachobaki ni mfumo wa umeme wenyewe, CDI au koili, yaani vifaa vinavyotoa umeme wa cheche, na hivyo vinataka kifaa cha kupimia, ambacho ninyi mnacho.

Maji kwenye petroli yanaizimaje cheche ya plagi iliyo nje, hewani? Hata hivyo petroli ile tuliilaza usiku kucha kwenye chupa nyeupe. Maji huzama chini. Hapakuwa na tone. Na iliyobaki kwenye tenki jirani yangu aliifunga kwenye mashine yake akatoka nayo baharini.

Alitoka, mimi nikabaki. Giza lote la mwezi uliopita limenipita. Dagaa wa taa hawangoji mtu. Mbalamwezi ikishaanza, taa haina kazi. Nahodha wangu kahamia boti nyingine na simlaumu, ana watoto.

Siku ya kununua hakuna aliyeniuliza mwenye mashine yuko wapi. Fedha zilihesabiwa kutoka mkononi mwangu, nikaletewa kiti na soda baridi.

Narudi pale kauntani, maana ndipo panaponiuma. Nimesafirisha chuma kile kwa basi karibu kilomita 300 mpaka Mbagala, nikakodi bajaji, nimefika na vumbi kichwani. Risiti ilikuwa mezani, jina langu limeandikwa kwa mkono wa kampuni yenu, na kijana yule kaiwekea kiwiko. Juu ya jina langu! Ndipo akasema, "Kamlete mwenye mashine." Hakusema kwa kunong'ona. Nikamwambia ni mimi. Akacheka, akamwita anayefuata.

Nilikusudia kuomba matatu tu: CDI na koili zipimwe mbele yangu, kibovu kibadilishwe kwa waranti, na ile karatasi ya "uzembe" ifutwe. Lakini juzi mhudumu wenu kanipigia simu akidai nilipie gharama ya ukaguzi. Ukaguzi upi, wa kunusa vidole? Kwa hiyo ombi limebadilika. Nataka mashine mpya, pamoja na nauli ya mzigo, kwenda na kurudi.

Hapana. Nimeisoma tena barua hii na mashine yenu nyingine siitaki. Rudisheni fedha zangu zote na nauli, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Ya 15 ikifika bila jibu, barua hii pamoja na karatasi yenu vinakwenda Tume ya Ushindani, FCC. Nakala nyingine nitaisoma kwenye mkutano wa BMU yetu, kikundi cha usimamizi wa fukwe na uvuvi, mbele ya wenye boti wote. Kilwa Masoko kuna mradi wa bandari ya uvuvi, na mashine zitanunuliwa nyingi huku. Chagueni kama zitanunuliwa kwenu.

Na fundi huyo aniombe radhi kwa maandishi, barua aianze kwa jina langu kamili kama lilivyo kwenye risiti.

Wenu,
Mwenye mashine.